Uzi wa makaratasi ya manesi wa Kijerumani wa wakati wa vita: nilivyopigwa euro 140, na kijitabu kilichonifikisha Sonnenstein

#1 mtunza_makaratasi

Wakuu, habari za leo. Kwenye ule uzi wa sarafu kuna mtu aliniuliza mimi nakusanya nini. Nikamjibu vijitabu vya uanachama vya manesi wa Kijerumani wa vita ya pili, akaniwekea kicheko. Sikuwa natania. Leo niko off, Dresden mvua haijakatika tangu alfajiri, basi ngoja nimwage yote.

Mimi ni nesi, kwetu Tukuyu. Huku nafanya kazi nyumba ya wazee, mwaka wa nane sasa. Mwaka wa kwanza nilipangiwa bibi mmoja wa miaka 93, mkali kama pilipili kichaa, hataki kuguswa na mtu. Siku moja nampima presha, akanishika mkono, akakivuta kile kitambaa akakifunga upya mwenyewe. Akasema, "Hata sisi tulikuwa tunakosea hapo hapo." Nikamuuliza, sisi akina nani bibi? Akafungua droo ya kitandani akatoa kijitabu cha kijivu, ukubwa wa kiganja. Ndani kuna picha yake msichana wa miaka 19, kitambaa cheupe kichwani, kavaa uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Alikuwa msaidizi wa wauguzi wa Msalaba Mwekundu, mwaka 1944.

Alipofariki, wanawe walikuja na mifuko myeusi ya taka, wakamaliza chumba kwa saa moja na nusu. Kijitabu kilikwenda nao au kilikwenda jalalani, sijui. Hapo ndipo ugonjwa uliponianza.

Sasa somo kidogo, maana bila hili hamtanielewa mbele. Hapakuwa na "manesi wa Kijerumani" kama kundi moja. Kulikuwa na masista wa Kikatoliki, kulikuwa na Diakonissen wa Kiprotestanti ambao mti wao ulipandwa Kaiserswerth mwaka 1836, kulikuwa na masista wa Msalaba Mwekundu waliokuwa chini ya Mutterhaus, yaani nyumba mama inayokusomesha, inakulisha na kukupangia kazi. Halafu kulikuwa na manesi wa kujitegemea. Wanazi wakaanzisha chama chao mwaka 1934, NS-Schwesternschaft. Watu wakawaita masista wa kahawia kwa sababu ya sare. Mwaka 1936 wale wa kujitegemea nao wakakusanywa kwenye chama kimoja, wakawa masista wa bluu. Mwaka 1942 kahawia na bluu wakaunganishwa, jina jipya likawa NS-Reichsbund Deutscher Schwestern. Ushikeni huo mwaka 1942. Nitaurudia, maana ndio uliokuja kunicheka nikiwa nimeshalipa.

Msalaba Mwekundu wenyewe ulifungwa kwenye dola kwa sheria ya tarehe 9 Desemba 1937. Kuanzia hapo nembo ni tai mweusi, swastika kifuani, msalaba mwekundu ameushika kwa kucha.

Naendelea jioni, chai imepoa.

#2 KijanaWaSinza

Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Nyuzi kama hizi ndizo tunazozitaka, siyo kila siku Simba na Yanga.

#3 BintLikoni

Dadangu, wacha mimi niwe yule mbaya. Hizo ni alama za watu waliotuona sisi nyani. Wewe mtu mweusi unazinunua kwa pesa yako, unazilaza nyumbani kwako, unalala nazo? Mbona usikusanye khanga?

#4 mtunza_makaratasi

BintLikoni, khanga ninazo pia, sanduku zima, usinichokoze.

Swali lako ni halali na mama yangu aliniuliza hilo hilo. Jibu langu: sining'inizi kitu ukutani. Sivai. Huku ukitembea na alama hiyo hadharani ni kosa, kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai. Mlango umeachwa kwa elimu, utafiti na historia. Ndiyo maana sokoni utaona muuzaji amebandika stika juu ya kifua cha tai. Vitu vyangu viko kwenye boksi, chini ya kitanda cha wageni.

Ila beji hazinishughulishi sana. Wanaofuata beji wengi wanafuata tai. Mimi nafuata karatasi, kwa sababu karatasi inasema huyu mtu alikuwa wapi tarehe fulani. Kazi yake ndiyo kazi yangu. Nimevaa gauni la kazi miaka 14 hapa na nyumbani, na nimeshaona nesi anavyoweza kutii agizo asilolipenda akakaa kimya. Nataka kujua wale walifikaje pale walipofika.

#5 BintLikoni

Haya. Bado sijapenda, lakini nimekusikia. Endelea.

#6 mtunza_makaratasi

Sasa kisa cha kupigwa. Mwaka wa pili wa hobi, najiona mjuzi. Mtandaoni nikakuta seti: kitambulisho cha sista wa kahawia, beji yake, na hati ya kiapo. Picha zimepigwa vizuri, maelezo yamesema vimetoka kwenye "dari ya nyumba ya familia". Wakuu, hiyo dari ya nyumba ingekuwa kubwa kama wanavyosema wauzaji, Ujerumani yote ingekaa humo. Nikalipa euro 140.

Vikaja. Nikavifungua usiku baada ya zamu, nikazima taa, nikawasha tochi ya UV, ile ile wanayokagulia noti bandia dukani. Kijitabu kiling'aa kama shati jeupe kwenye disko! Karatasi za miaka ya vita haziwaki hivyo. Dawa ya kung'arisha karatasi ilianza kuingia viwandani baada ya vita, miaka ya 1950. Karatasi ya zamani kwenye tochi inabaki imenuna, rangi ya uji wa ulezi.

Nikachukua lenzi. "Wino wa muhuri" ulikuwa vidoti vidogo vya rangi tatu, kazi ya printa. Picha nayo imepakwa plastiki. Picha za wakati ule ni karatasi tupu yenye madini ya fedha, na zikizeeka sehemu za giza zinapata mng'ao kama kioo ukiziinamisha. Hii haikuwa na chochote.

Lakini yote hayo nilipaswa nisiyahitaji. Kitambulisho kilikuwa kimeandikwa tarehe ya 1939, na juu yake jina la chama ni NS-Reichsbund Deutscher Schwestern. Chama kilichozaliwa 1942! Mtu amepewa kadi miaka mitatu kabla chama hakijakuwepo, na mimi nililisoma hilo jina kwenye picha, nikalipa, nikasema asante.

Muuzaji nilimwandikia. Akajibu mara moja kwamba atauliza familia. Mpaka leo anaiuliza.

#7 KijanaWaSinza

"Mpaka leo anaiuliza" 😂 Pole sana dada. Hao ni wale wale wa viwanja vya Kigamboni, wamehamia Ulaya tu.

#8 fundi_saa

Mkuu mimi nakusanya saa za mfukoni, utapeli ni huo huo. Swali: kuna watu wanasema ukiona maandishi yale ya kale ya Kijerumani yenye kona kona, Fraktur, basi hati ni ya kweli. Ni sahihi?

#9 mtunza_makaratasi

Kinyume chake fundi. Waghushi wanaipenda Fraktur kupita kiasi kwa sababu mnunuzi akiiona anasikia harufu ya vita. Kumbe Wanazi wenyewe waliipiga marufuku: waraka wa tarehe 3 Januari 1941, kutoka ofisi ya Bormann, kigogo wa chama chao, ukaagiza herufi za kawaida zitumike. Kwa hiyo fomu iliyochapwa mwaka 1943 kwa Fraktur tupu inatakiwa ikushtue. Ikushtue tu, usiitupe: ofisi zilimalizia akiba ya fomu za zamani, karatasi ilikuwa adimu. Na mwandiko wa mkono ni habari nyingine, karani aliyejifunza Sütterlin, mwandiko wa kale wa Kijerumani, shuleni hakuiacha kwa sababu ya waraka.

Beji kwa kifupi maana si eneo langu: za kweli zimegongwa kwa chuma, mistari imekaza, nyingi zina namba nyuma iliyogongwa moja moja kwa sababu ilipaswa kujulikana nani amepewa. Za bandia zimemiminwa kwenye kalibu, ukizitazama kwa lenzi zina matundu madogo kama andazi.

Kitambaa cha mkono cha msalaba mwekundu: mkataba wa Geneva wa 1929 ulitaka kivaliwe mkono wa kushoto, kiwe kimetolewa na kupigwa muhuri na mamlaka ya jeshi. Ukiuziwa kitambaa cheupe safi kisicho na muhuri, kwa bei ya "kutoka mstari wa mbele", muachie mwenyewe. Mtu yeyote mwenye cherehani anaweza kukishona.

Na hati za nishani. Tarehe 1 Mei 1939 walianzisha nishani ya ustawi wa jamii, Ehrenzeichen für Deutsche Volkspflege, ikachukua nafasi ya nishani ya zamani ya Msalaba Mwekundu. Manesi wengi walipewa medali yake. Sahihi ya Meissner, mkuu wa ofisi ya rais, kwenye hati hizo kwa kawaida ni ya kuchapwa. Mtu akikuambia "imesainiwa kwa mkono, ndiyo maana bei iko juu", mshukuru uende zako.

#10 MzeeWaNgamiani

Binti, nimesoma yote bila miwani, macho yananiuma. Sisi Tanga vita yetu ya Mjerumani ni ile ya kwanza. Hao masista wao walifika huku au ni mambo ya Ulaya tu?

#11 mtunza_makaratasi

Shikamoo mzee wangu. Walifika, tena mapema. Mwanamke Mjerumani, Frieda von Bülow, aliteremka Unguja mwaka 1887 kuja kuanzisha vituo vya kuuguzia wagonjwa, pale Unguja na Dar es Salaam. Hakumaliza hata mwaka, malaria ikamrudisha kwao. Mwaka 1888 chama cha wanawake cha uuguzi kwa makoloni kikaanza rasmi Berlin, baadaye kikabeba jina la Msalaba Mwekundu, nacho ndicho kilichokuwa kinaleta masista. Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897 walifanya kazi humo, wakihudumia Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na ya kwao, ile ya Sewa Haji.

Karatasi za chama hicho zikitokea mnadani hazikai, wanaozitaka ni wengi wenye pesa. Mimi sina hata moja.

#12 fundi_saa

Ongezea na ile zepelini mkuu, yaani lile puto refu la gesi lenye injini. Novemba 1917 Wajerumani walirusha L 59 kutoka Jamboli, Bulgaria, ije kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa huku Afrika Mashariki, dawa, bandeji na risasi. Hata kitambaa cha zepelini chenyewe kilipangwa kichanwe kitumike. Ikafika anga ya Sudan ikaambiwa rudi. Saa 95 hewani, kilomita 6,757, bandeji zikarudi Bulgaria hazijafunga kidonda hata kimoja.

#13 MzeeWaNgamiani

Marahaba mwanangu. Na hiyo zepelini nilikuwa siijui. Endeleeni.

#14 mtunza_makaratasi

Sasa nilichokuja kukisema.

Novemba iliyopita, Jumamosi, nilishuka soko la mitumba kando ya Elbe, pale Albertbrücke. Baridi ya kukata masikio. Kuna mzee anauza vijiko na vitasa vya milango, chini ya meza ana boksi la viatu limejaa kadi za posta. Nikachutama. Katikati ya kadi za Krismasi, kijitabu cha kijivu. Aliitaka euro 25, nikampa 20, akanifungia kwenye ukurasa wa tangazo la supamaketi.

Nikifika nyumbani sikufungua tochi kwanza. Nilikishika tu. Jalada limelainika kwenye kona kama leso iliyofuliwa mara mia. Kifua cha tai kimekwanguliwa kwa wembe, taratibu, kwa kufuata mstari wa duara. Amebaki tai mwenye kidirisha. Hilo ni jambo la baada ya Mei 1945, mtu hataki kutupa kitambulisho chake pekee lakini hataki pia kukamatwa nacho. Kwangu mimi kijitabu kilichokwanguliwa kina thamani kuliko kizima. Wauzaji wanakitoza bei ya chini, sawa, waendelee.

Picha imeshikwa na riveti mbili zilizoota kutu. Geuza ukurasa: kutu imepenya, imeacha madoa mawili ya kahawia upande wa pili, mahali pale pale. Fungua ukurasa unaofuata, madoa mawili tena, mepesi zaidi. Huwezi kuyaghushi hayo kwa wiki moja. Muhuri umekanyaga nusu ukurasa nusu picha. Kwa lenzi unaona duara linapanda kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye picha bila kukatika, ila juu ya picha wino umefifia, kwa sababu picha haiufyonzi.

Kisha stempu za ada, moja kila mwezi. Nimezisoma kama chati ya mgonjwa. Kuanzia 1939 zimenyooka. Katikati ya 1941 anahamishiwa hospitali ya kijeshi hapa Dresden, mwandiko wa karani unabadilika. Mwaka 1943 kuna miezi minne mitupu, hakuna maelezo. Halafu ingizo la Machi 1944, muhuri mpya, mahali: Pirna-Sonnenstein. Stempu ya mwisho ni Januari 1945. Mwezi uliofuata, tarehe 13 na 14, Dresden iliungua.

Ndani ya mfuko wa jalada kuna kipande cha karatasi, kwa penseli: soksi jozi 2, aproni 3, sabuni, mkasi (wa mama). Basi. Neno mkasi limepigiwa mstari chini yake, kama alitaka kuhakikisha hausahau.

Jina lake silitaji hapa, ana ndugu.

#15 fundi_saa

Subiri subiri. Sonnenstein? Si ndipo walipowaua wagonjwa wa akili kwa gesi? Dada, huyo mwanamke wako ni muuaji. Choma hiyo kitu leo leo.

#16 KijanaWaSinza

Eh. Uzi umegeuka. Karanga nimeweka chini.

#17 BintLikoni

Nilisema mie.

#18 mtunza_makaratasi

Nilijua mtafika hapo kwa sababu na mimi nilifika hapo. Niliusoma muhuri nikaweka kijitabu mezani nikaenda kunawa mikono, si mzaha, nilinawa.

Lakini someni tarehe. Mpango wa mauaji, ule walioupa jina la T4, ulikuwa na vituo sita, na Sonnenstein ulikuwa mmoja. Mauaji pale yalianza Juni 1940 yakasimamishwa Agosti 1941. Watu 13,720, wagonjwa wa akili na walemavu, na juu yao wafungwa zaidi ya elfu moja kutoka kambi za mateso, waliuawa kwenye handaki la jengo moja. Kisha vifaa vikang'olewa, alama zikafutwa, na majengo yakageuzwa kuwa hospitali ya askari majeruhi mpaka vita inaisha. Huyu dada ameingia Machi 1944. Alikuja kufunga vidonda vya askari kwenye jengo ambalo watu wa Pirna walikuwa wameshaona moshi wake miaka mitatu nyuma.

Je, alijua? Kijitabu hakisemi. Mimi siwezi kumsafisha na siwezi kumnyonga kwa muhuri mmoja.

Na msidhani nawatetea manesi. Wagonjwa walipopakiwa kwenye mabasi kupelekwa vituo vile, walioandamana nao walikuwa wauguzi, wa kike na wa kiume. Waliowavua nguo walikuwa wauguzi. Hadamar, kituo kingine kati ya vile sita, jimbo la Hesse, baada ya gesi kusimamishwa waliendelea kwa dawa na njaa mpaka 1945. Jumla ya waliokufa pale ni kama 14,500. Nesi mkuu wa pale, Irmgard Huber, mahakama ya Wamarekani ilimhukumu miaka 25 mwezi Oktoba 1945, na wauguzi wawili wanaume wa pale pale walinyongwa. Sindano ilikuwa mkononi mwa mtu mwenye cheti kama changu. Wengi wao walikuwa waajiriwa wa kawaida wa hospitali za akili za serikali, hata beji ya kupendeza hawakuwa nayo ya kuuzwa mnadani leo. Ndiyo maana nasema mnaponunua kitu cha nesi msiishie kwenye tai. Someni mahali, someni mwezi.

Nilipanda treni ya S1 nikaenda Pirna, ni kama nusu saa tu kutoka hapa. Kutoka mjini kwenda juu kwenye ngome kuna misalaba midogo ya rangi imechorwa chini, kwenye lami na mawe, mmoja kwa kila aliyeuawa, 14,751. Mwanzoni nilijitahidi nisikanyage. Baada ya dakika kumi nikagundua haiwezekani, imejaa njia, na akina mama wa pale wanapita na mikokoteni ya watoto juu yake wakienda sokoni. Mhudumu wa makumbusho alikitazama kijitabu muda mrefu, akaniomba aipige picha kurasa ya Machi 1944. Akaniuliza kwa adabu kama ningefikiria kuwaachia siku moja. Nikamwambia nafikiria.

#19 fundi_saa

Nimefuta niliyotaka kuandika. Nisamehe kwa ile ya kuchoma.

#20 MuuguziBukavu

Bonjour à tous, mimi niko Bukavu, ni muuguzi pia. Asante dada kwa hii hadithi. Ninauliza: manesi Wayahudi, vitabu vyao viko wapi? Wao hawakuwa wauguzi wa Ujerumani?

#21 mtunza_makaratasi

Karibu sana ndugu. Walikuwa, tena walijipanga mapema. Chama cha manesi wa Kiyahudi cha Frankfurt ni cha mwaka 1893. Kwenye vita ya kwanza waliuguza askari wa Kaiser kama wengine. Sheria ya uuguzi ya Septemba 1938 ikawafungia: wahudumie wagonjwa Wayahudi peke yao. Baadaye wengi wakapakiwa kwenye treni pamoja na wagonjwa wao. Kijitabu cha mmoja wao sijawahi kukiona sokoni, na nikikiona sitakitia kwenye boksi langu, kitakwenda makumbusho siku hiyo hiyo.

Kwa anayetafuta habari za mtu: waliohudumu kwenye hospitali za jeshi, kumbukumbu zilizokuwa za WASt, ile ofisi ya taarifa za wanajeshi, zimekuwa chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa, tangu 2019. Waliofungwa na waliohamishwa, Arolsen Archives, nyaraka zake nyingi unazisoma bure mtandaoni. Ukiwa na namba ya posta ya jeshi, zile tarakimu tano, usiipoteze, inafungua milango kuliko jina.

#22 KijanaWaSinza

Unavitunzaje sasa? Mimi nina vyeti vya babu viko kwenye begi la plastiki, vimeanza kunata.

#23 mtunza_makaratasi

Vitoe leo. Plastiki laini ya PVC inatoa jasho na kula wino. Tafuta mifuko ya poliesta, ile migumu inayolia ukiikunja. Ukiandika kitu pembeni tumia penseli. Seloteputi marufuku. Pini za kutu zitoe taratibu, usivute. Ukiwa pwani unyevu ndio adui yako wa kwanza, boksi lisikae sakafuni. Na jamani, kuliko vyote, msipeleke kitu cha zamani kufanyiwa laminesheni. Ule moto unayeyusha plastiki inaingia ndani ya nyuzi za karatasi, haitoki tena.

#24 MzeeWaNgamiani

Binti, hapo umenigusa. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Mjerumani. Mnajua inavyosimuliwa, mwaka 1964 Ujerumani ilipokubali kuwalipa askari wa zamani mishahara yao, wakaitwa Mwanza, wachache tu wakawa na vyeti. Wengine wakapewa ufagio washike kama bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani, na mikono ikakumbuka yenyewe. Babu hakufika Mwanza, alikuwa ameshafariki. Lakini karatasi alikuwa nazo, mbili. Moja ina muhuri wa tai, ya pili imeandikwa mkono, nadhani ni ya hospitali, kuna neno Lazarett na Tanga nimelisoma. Zilikuwa ndani ya msahafu wa marehemu bibi.

#25 mtunza_makaratasi

Mzee!!! Hiyo ya pili naomba uipige picha mchana kivulini, bila flashi, mbele na nyuma. Karatasi ya hospitali ya askari Mwafrika? Nitakusomea mwandiko neno kwa neno, hata ikinichukua wiki. Ziko wapi sasa hivi?

#26 MzeeWaNgamiani

Ya muhuri wa tai niko nayo hapa. Imeshatiwa laminesheni tangu Ijumaa, inang'aa vizuri tu. Hiyo ya mkono nimeiacha asubuhi kwa kijana wa steshenari barabara ya nane, kulikuwa na foleni. Aliniambia niifuate saa kumi.

#27 mtunza_makaratasi

Huko saa hizi ni saa ngapi?

#28 MzeeWaNgamiani

Saa tisa na nusu.

#29 BintLikoni

Mzee panda bodaboda! Waache hawa!

#30 KijanaWaSinza

Namba ya huyo kijana huna mzee? Mpigie!

#31 fundi_saa

Dakika arobaini kimya. Nimeshindwa kufungua saa ya mteja kwa presha.

#32 MzeeWaNgamiani

Nimerudi. Umeme ulikatika barabara ya nane tangu saa nane mchana. Nimeikuta juu ya mashine, imeshatiwa ndani ya plastiki yake, haijapita. Nimemlipa kijana hela yake kamili. Sasa niambie binti, hiyo mifuko inayolia nitaipata duka gani hapa Tanga?